Shehena Ikaguliwe Kabla ya Kung'oa Nanga

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Usemi huu, ambao kila mtu wa Visiwani ameusikia tangu utotoni, umepata uzito mpya katika zama hizi ambapo kazi nyingi za Serikali na za wananchi zinaendeshwa kwa kompyuta. Mishahara ya watumishi, tiketi za boti, kumbukumbu za wagonjwa, kodi na ushuru wa forodha, aghalabu yote hayo siku hizi hupita katika programu za kompyuta. Na programu, kama ilivyo bidhaa nyingine yoyote, huundwa na watu, hufungwa katika furushi, kisha hupelekwa kwa wanaoitumia. Furushi likifungwa vibaya, madhara yake humwangukia mtu ambaye hakuhusika hata kidogo na kosa lenyewe: mgonjwa aliye kwenye foleni ya hospitali, abiria aliye bandarini, mzee anayesubiri pensheni yake.

Leo tunapenda kuwaomba wasomaji wetu, na hasa viongozi na maofisa wenye dhamana ya kuidhinisha kazi hizi, watafakari jambo moja ambalo kwa juu juu laonekana kuwa ni la mafundi peke yao. Jambo lenyewe ni ukaguzi unaofanywa na kompyuta yenyewe, kwa makusudi ya kuyanasa makosa ya ufungaji kabla programu haijatoka mikononi mwa aliyeiunda. Twasema si la mafundi peke yao kwa sababu iliyo wazi: anayelipa gharama ya kosa, mara nyingi, siye fundi.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe ilivyo. Fundi wa programu huandika maagizo yake katika mafaili mengi, pengine mamia. Mafaili hayo hukusanywa, hupewa namba ya toleo, huambatanishwa na orodha ya programu nyingine ambazo bila ya hizo kazi haitakwenda, halafu hufungwa pamoja na kupelekwa katika ghala la mtandao ambako wengine watalichukua furushi hilo. Hapo ndipo kosa liwezapo kuingia hata kama maagizo yenyewe yameandikwa kwa ustadi mkubwa. Faili moja laweza kusahauliwa nje ya furushi. Namba ya toleo yaweza kuachwa ile ile ya zamani, ikawa watumiaji hawajui kama wanacho kipya au cha jana. Kitu kinachotegemewa chaweza kukosekana katika orodha, kwa kuwa kimo siku zote katika kompyuta ya fundi, naye hakumbuki kwamba kompyuta za wenzake hazina. Na lililo baya kuliko yote, faili lenye maneno ya siri ya kufungulia hazina ya taarifa za watu laweza kuingizwa ndani ya furushi na kutolewa hadharani kwa dunia nzima.

Mabaharia wetu wanalielewa jambo hili bila ya kufundishwa. Jahazi laweza kuwa imara, limepigwa kalafati vizuri na tanga lake ni jipya, lakini ikiwa shehena imerundikwa upande mmoja wa ngama, chombo kitalala kwenye wimbi la kwanza. Uzima wa chombo ni jambo moja, na upakiaji wa shehena ni jambo jingine. Nahodha mwenye busara hukagua yote mawili, tena akiwa bado gatini, kwani akishafika katikati ya mkondo hana pa kuishusha shehena hiyo ila baharini.

Katika maghala ya programu, mkondo huo huanza mapema mno. Ghala linaloitwa PyPI, wanakohifadhi kazi zao watumiaji wa lugha ya kompyuta ya Python, lina kanuni kwamba jina la faili likishapakiwa mara moja haliwezi kutumika tena, hata faili lenyewe likifutwa. Ghala la npm, la watumiaji wa lugha ya JavaScript, nalo halikubali namba ya toleo iliyokwisha kutumika irudiwe kwa kitu kingine. Kanuni hizi ni za haki, kwa sababu zinamkinga mtumiaji asibadilishiwe mzigo kwa siri baada ya kuukubali. Lakini maana yake ni kwamba aliyekosea hawezi kulichukua kosa lake akalirekebisha kimya kimya. Hana budi kutoa toleo jipya, na huku lile lenye kosa huenda limekwisha kuchukuliwa na watu asiowajua.

Na ikiwa kilichotoka ni siri, hata toleo jipya halisaidii. Mfano mmoja unatosha. Mwezi wa Oktoba 2022 kampuni ya Toyota ya Japani ilitangaza kwamba sehemu ya maandishi ya programu ya huduma yake iitwayo T-Connect ilikuwa imewekwa wazi katika mtandao wa GitHub tangu Desemba 2017 hadi Septemba 2022. Aliyeiweka ni mkandarasi aliyepewa kazi ya kuiunda, naye alifanya hivyo kwa makosa. Ndani ya maandishi hayo mlikuwamo ufunguo wa kuingilia katika kompyuta iliyohifadhi taarifa za wateja. Anwani za barua pepe na namba za wateja 296,019 zilikuwa hatarini kwa muda wa karibu miaka 5, na kampuni ilikiri kwamba haikuweza kuthibitisha kuwa hakuna mtu aliyezichukua. Tuzingatie mambo mawili. La kwanza ni kwamba kosa lilikuwa la mkandarasi, lakini aliyesimama mbele ya watu kuomba radhi ni mwenye mali. La pili ni kwamba zipo programu ndogo ambazo kazi yao ni kupekua maandishi na kutafuta vitu vyenye sura ya ufunguo kabla havijapelekwa popote. Ukaguzi wa namna hiyo huchukua sekunde chache tu.

Wazo la kuifanya kompyuta iwe mkaguzi wa kazi ya mwanadamu si geni. Mwaka 1978 Stephen Johnson, aliyekuwa mtaalamu katika maabara za Bell huko Marekani, alitengeneza programu iitwayo lint, ambayo husoma maandishi ya programu nyingine na kuonyesha mahali penye shaka bila hata ya kuiendesha programu hiyo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1998, wanachama wa mradi wa Debian, ambao ni umoja wa watu wanaojitolea kukusanya na kufunga maelfu ya programu kwa matumizi ya wote, walitoa chombo chao kiitwacho Lintian. Chombo hiki hakikagui maandishi peke yake, bali hukagua furushi zima: je, mafaili yamewekwa mahali pake? Je, hati ya haki za mtunzi imo? Je, ruhusa za kila faili ni zile zinazostahili? Je, maelezo yanafuata kanuni za mradi? Mwenye furushi hupewa orodha ya makosa kabla ya wengine kuyaona.

Siku hizi mafundi wengi huhifadhi kazi zao kwa chombo kiitwacho Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Tangu mwaka 2013, Git imempa fundi nafasi ya kuweka mlinzi katika mlango wa kutokea. Fundi anapotoa amri ya kuipeleka kazi yake katika ghala la pamoja, Git husita kwanza na kumwita mlinzi huyo, ambaye ni programu fupi iliyoandikwa na fundi mwenyewe au wenzake. Mlinzi hufanya ukaguzi wake. Akiridhika, kazi huondoka. Asiporidhika, amri hukataliwa papo hapo, na sababu huandikwa kwenye kioo cha kompyuta.

Mlinzi huyo afanye nini? Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Mafundi wengi hukosea kwa kuijaribu programu mahali ilipoundiwa, ambapo kila kitu kipo, kisha wakadhani kwamba furushi nalo ni zima. Hiyo ni sawa na kuonja chakula jikoni na kuapa kwamba mgeni atakipenda, ilhali mpelekaji amesahau kutia mchuzi katika bakuli. Ukaguzi wa kweli hulifunga furushi kama litakavyopelekwa, halafu hulifungua mahali patupu pasipo na kitu, hulisimika humo, na huiendesha programu kana kwamba ni mara ya kwanza kuonekana duniani. Hapo faili lililosahauliwa litajulikana, na kilichokosekana katika orodha kitajidhihirisha. Baada ya hapo mlinzi hulinganisha namba ya toleo na ile iliyotangulia, huhesabu mafaili, hupima uzito wa furushi ili kuona kama limevimba bila sababu, na hutafuta funguo na maneno ya siri. Kazi hizi zote zinachosha binadamu. Ndiyo maana binadamu huziruka. Kompyuta haichoki, haina haraka ya kwenda nyumbani, wala haimwonei haya mkubwa.

Hata hivyo, mlinzi aliyewekwa katika kompyuta ya fundi hatoshi. Git humruhusu fundi kumpita mlinzi huyo kwa kuongeza neno moja tu katika amri yake, na saa za jioni, bosi anapopiga simu kuuliza kwa nini kazi haijafika, neno hilo huandikwa kwa wepesi mkubwa. Kwa hiyo hapana budi pawepo mlango wa pili, katika seva ya pamoja, ambao fundi peke yake hawezi kuufungua. Mlango wa kwanza ni hisani kwa fundi, umwepushie aibu na kumwokolea muda. Mlango wa pili ni kinga ya umma.

Sisi watu wa Visiwani tuna sababu ya uchungu ya kuufahamu umuhimu wa mlango wa pili. Meli ya Mv Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imepakia kupita kiasi kilichoruhusiwa. Idadi iliyoruhusiwa ilikuwapo na ilijulikana. Hatusemi kwamba kosa la programu ni sawa na msiba ule, kwani roho za watu hazilinganishwi na kitu. Twasema tu kwamba kanuni ambayo yaweza kupuuzwa na yule yule anayeharakisha safari, bila mwingine wa kusema hapana, haiwi kanuni tena, huwa ni pambo.

Yupo atakayeuliza: je, ukaguzi wa kompyuta ukiwekwa, makosa yatakwisha? La hasha, na asiyesema hivyo anauza maneno. Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, ilipotimu saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilipeleka kwa wateja wake duniani faili dogo la marekebisho. Kompyuta zenye mfumo wa Windows zilizolipokea zilizimika, zikajaribu kuwaka, zikazimika tena. Kampuni ililiondoa faili hilo saa 2:27, yaani baada ya dakika 78, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuathirika. Safari za ndege zilifutwa kwa maelfu, hospitali ziliahirisha huduma, na mafundi walilazimika kuziendea kompyuta nyingi moja baada ya moja.

Kisa cha kosa hilo kina mafunzo makubwa. Programu iliyokuwa ikipokea faili ilitegemea kupewa vitu 20, na marekebisho yale yalihitaji kitu cha 21. Kampuni ilikuwa na mkaguzi wa kompyuta, tena ililipitisha faili kwake. Lakini mkaguzi mwenyewe alikuwa na kasoro. Alilipitisha jambo ambalo alipaswa kulikataa. Na majaribio yaliyotangulia hayakukigusa kile kitu cha 21 kwa namna ambayo ingedhihirisha upungufu. Juu ya hayo, faili lilipelekwa kwa wateja wote kwa mara moja, badala ya kupelekwa kwa wachache kwanza ili lionekane litafanya nini. Baada ya mkasa huo kampuni ilitangaza kwamba itapeleka marekebisho kwa awamu na kuongeza ukaguzi. Mkaguzi naye hukaguliwa, na hata chombo kilichokaguliwa hakipelekwi bahari kuu siku ya kwanza, bali hupelekwa kwanza ng'ambo ya pili ya bandari.

Upo pia upande wa pili wa hatari, nao ni kumtii mkaguzi bila kufikiri. Mwaka 2006 mfungaji mmoja wa mradi ule ule wa Debian alipata malalamiko kutoka katika vyombo vya ukaguzi kuhusu mistari miwili ya programu ya OpenSSL, ambayo hutengeneza funguo za siri za kulindia mawasiliano. Aliiondoa mistari hiyo, na malalamiko yakanyamaza. Kumbe mmoja kati yake ndio uliokuwa ukitia ndani ya programu ile hali ya kutobashirika ambayo ndiyo nguvu ya ufunguo. Kasoro hiyo iligunduliwa na kutangazwa Mei 2008. Kwa muda wote huo funguo zilizotengenezwa katika kompyuta hizo zilikuwa zikitoka katika fungu la 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa, idadi ambayo mhalifu aweza kuijaribu yote kwa muda mfupi. Mkaguzi wa kompyuta ni mtumishi hodari, lakini hajui kwa nini kitu kipo. Anapolalamika, mwenye kazi hana budi kuuliza sababu, na kumwuliza aliyeandika, kabla ya kukata.

Tunajua hoja zitakazotolewa na wanaopinga. Watasema kwamba ukaguzi unachelewesha kazi. Jibu letu ni kwamba unachelewesha kwa dakika, ilhali kosa lililotoka hutuchelewesha kwa siku. Watasema kwamba ni ghali. Lakini Git, Lintian na vyombo vingi vya namna hiyo hutolewa bure, na gharama iliyobaki ni saa za fundi kuviweka na kuvitunza. Watasema kwamba fundi wetu ni stadi, hahitaji kuchungwa. Heshima kwake, lakini hata rubani aliyerusha ndege miaka 30 husoma orodha yake ya ukaguzi kila safari, wala haoni kwamba ametukanwa.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo machache kwa wenye dhamana. Kwanza, mkataba wowote wa kuunda programu kwa ajili ya ofisi ya umma uwe na sharti kwamba kila toleo litapita katika ukaguzi wa kompyuta, na kwamba sheria za ukaguzi huo zitakuwa mali ya Serikali kama ilivyo programu yenyewe. Kwani mkandarasi huondoka, na asiyebakiwa na mlango wake atabaki na nyumba isiyofungika. Pili, ukaguzi ufanywe juu ya furushi lenyewe litakalopelekwa, mahali patupu, si juu ya kazi iliyo mezani kwa fundi. Tatu, mtu yeyote atakayeupita mlango kwa dharura, awe fundi au awe mkurugenzi, jina lake na sababu yake viandikwe, na visomwe katika kikao kinachofuata. Nne, toleo jipya lianzie katika ofisi moja au wilaya moja kabla ya kuenezwa Unguja na Pemba, na iwepo njia iliyojaribiwa ya kurudi katika toleo la zamani. Tano, ufunguo wowote wa siri uliowahi kutoka nje, hata kwa saa moja, ubadilishwe; kuufuta katika maandishi hakutoshi.

Hayo hayahitaji kamati wala safari za mafunzo ng'ambo. Yahitaji uamuzi, na yahitaji mkubwa ambaye hatampigia simu fundi saa kumi na mbili jioni kumwamuru aupite mlango. Utaratibu mwingi mzuri katika nchi zetu haukufa kwa kukosa fedha, ulikufa siku ambayo mkubwa wa kwanza alisamehewa kuufuata.

Basi ofisa atakayeletewa programu mpya ili aipokee kwa niaba ya wananchi, asiridhike na sherehe ya uzinduzi wala na picha nzuri zinazoonyeshwa ukutani. Na aulize swali moja tu: ni mara ngapi ukaguzi wenu umeikataa kazi yenu wenyewe, na ilikuwa kwa makosa gani? Mafundi wenye ukaguzi wa kweli watamfungulia orodha papo hapo, kwa kuwa hakuna watu wanaofanya kazi wasiokosea. Wakimjibu kwamba haujawahi kukataa hata mara moja, asitie sahihi siku hiyo.